Ami, mbona mstari wangu unapitiliza?

Maswali ya wiki hii mengi ni ya harusi na nyimbo, maana ndio msimu. Nimechukua manne.

*Ami, naandika nyimbo, mwenzangu anatengeneza biti. Kila nikitia beti za kiasili mstari unapitiliza pigo. Kosa liko wapi? (Kijana, Langoni)*

Mizani, mwanangu, yaani hesabu ya silabi. Shairi lina mizani 16 kwa mstari: 8, pumzi, kisha 8 tena. Gonga meza useme: "Ndoo kwangu nikwambiye, mato yangu hayaoni." Kila silabi imepata kidole chake. Sasa sema kama unavyoandika wewe: "Njoo kwangu nikuambie." Zimekuwa tisa! "Nikwambiye" ni nne, "nikuambie" ni tano, na hiyo moja ndiyo inayomgonga mpiga ngoma wako. (Ndoo ni njoo, na mato ni macho, kwa wageni wetu.)

Ukitaka kitu chepesi zaidi, jaribu utendi: vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya mwanzo huishia kwa kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana. Mwana Kupona, malenga wetu wa kale, alimuusia bintiye kwa bahari hiyo, yaani mtindo huo wa shairi, mwaka 1858, naye mgonjwa. Mimi naona inakaa kwenye biti za leo bila kulazimishwa.

*Mpwa wangu anaolewa. Vijana wanataka dijei, bibi yake anataka vugo. Tumsikize nani? (Mama, Mkomani)*

Wote, dada yangu, ila kila mmoja mahali pake: dijei uani, vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe, njiani. Juzi nilikutana na punda kichochoroni, spika mbili ubavuni, kamba imelegea, spika moja inakwaruza ukuta. Punda akasimama. Msafara mzima nyuma yake ukasimama, na bibi harusi ndani ya joto lile! Wanawake wa vugo hawana mzigo huo. Pembe ya nyati mkono huu, kijiti mkono huu, ko-ko-ko, na nyimbo zinatembea pamoja na arusi yenyewe. Kazi iko kwa mwimbishaji. Anayezijua nyimbo hapatikani kwa kupigiwa simu alasiri ya siku yenyewe, kwa hiyo mwendeeni nyumbani mapema, tena na halua.

*Siwa ni nini, na naweza kuipuliza? (Mgeni, Shela)*

Ni baragumu la shughuli kubwa, hupulizwa kwa tundu la ubavuni. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu na inapita mita mbili. Nenda makumbusho pale ufukweni ukazitazame. Kupuliza, usiombe.

*Ami, bongo fleva si inaiua taarab? (Msomaji, Faza)*

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za Kiswahili zilikuwa jambo geni, na bado kulikuwa na watu walioona taarab ni ya Kiarabu tu. Basi tusiwaonee vijana. Mimi kinachonikera ni kinanda cha umeme kinachojifanya udi, ile ala ya nyuzi ya taarab. Shingo ya udi haina vigawanyo. Kidole huteleza kutoka sauti hadi sauti, na utamu uko mle njiani. Kinanda kinaruka tu, kama mtu avukaye matope. Zitafute rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi, mwana wa Lamu hapa hapa, uzisikilize usiku taa zikiwa zimezimwa. Kisha uniandikie tena.