Majina ya wahusika wangu yanasikika ya kuiga, nifanyeje?

SWALI: Dada habari za kazi. Naandika stori ya fantasia, kuna ufalme chini ya bahari huku upande wa Pemba, kuna watu wa milimani wanataka kuuteka na kuna majini pia. Shida ni majina. Nimewaita Draknor, Drakmor, Zyphera na Xandrok, mdogo wangu kasoma akaishia sura ya tatu anasema hajui nani ni nani. Nikiweka Juma na Asha naona sio fantasia tena. Na je majini niwape yale majina wanayoitwa kwenye uganga? Msomaji, Tanga.

JIBU: Nzuri tu ndugu yangu, na hongera, maana huo ufalme wa chini ya bahari hata mimi nautaka niusome. Ila mdogo wako yuko sahihi kabisa. Draknor na Drakmor wanapishana herufi moja, halafu sisi ulimi wetu umezoea neno liishie na irabu, sasa Xandrok mtu anaishikia wapi? Akishindwa kulitamka analiruka tu, kichwani anabaki na "yule wa D", na wa D wako wawili.

Na hebu tuangalie majina ya namna hiyo yanatokea wapi. Tolkien, yule mwandishi wa The Lord of the Rings, alikuwa profesa wa lugha pale Oxford, alitengeneza lugha za watu wake, moja akaiegemeza kwenye sauti za Kifini, nyingine kwenye Kiwelshi, majina yakazaliwa humo, na wale vibeti wake wengi kawatoa kwenye shairi la kale la Iceland linaitwa Völuspá. Yaani alichota Ulaya kwao. Sisi tunaiga mlio tu, mzizi tumeuacha hukohuko.

Kwa hiyo usianze na jina la mtu mmoja mmoja, anza na mdomo wa watu wao. Tuseme watu wa bahari wanapenda l, m, w na z, na hawana kabisa k wala t, hapo unapata Luzima, Wemale, Zawilo. Wa milimani wape k, t, nd na ng', unapata Kandoti, Ng'atunde, Tukeng'a. Sasa msomaji akimkuta Kandoti amejibanza kwenye jumba la Luzima anashtuka mwenyewe, huyu si wa huku, na wewe hujaandika hata sentensi moja ya kumwambia. Ndo maana ukisikia Otieno na Atieno unajua hapohapo ni Wajaluo, mmoja wa kiume mmoja wa kike, na wote jina linasema walizaliwa usiku. Wewe pia weka kautaratibu kama hako halafu usikavunje.

Kuhusu Juma na Asha, tatizo sio kwamba ni ya kawaida. Juma ni mtoto wa Ijumaa, sasa kama kule chini hakuna Ijumaa jina limefikaje? Ila kama kuna kijana wa Tanga kazama na ngalawa akaibukia kwao, mwite Juma bila wasiwasi, litasimama vizuri sana katikati ya kina Wemale.

Wakubwa nao wape majina ya matendo, hapa kwetu tuna hazina kubwa mno na inaniuma tunavyoipita. Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, mtekaji wa nchi nyingi, midomo ya watu ikalikata. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki 1884, hilo lilikuwa jina la vita na maana yake maiti, fikiria jeshi linasikia tu "Mirambo anakuja". Basi Draknor wako, kama ndo mfalme wa milimani, akishavuka maji mara ya kwanza watu wake wanamwita Mkatamawimbi, wakiwa na haraka Mkatawi. Watu wa bahari k na t hawana, wao watasema Mwalawi. Na jasusi wa milimani anaweza kukamatwa kwa sababu tu kalitamka jina la mfalme wake vizuri mno, hapo umeshapata sura nzima!

Ukimaliza yasome yote kwa sauti, angalia yasianze na M yote maana Kiswahili kinatuvuta huko, na kila jina litafute kwanza Google usije ukakuta ni tusi kwa watu wengine.

Majini sasa. Subiani, ruhani, kibwengo hizo ni aina, zitumie tu. Lakini lile jina lenyewe analoitwa jini wa mtu kwenye ngoma mimi ningeliacha, kwa wasomaji wako wengi wa Tanga na Pemba hiyo sio stori, kuna mtu bibi yake alipungwa kwa jina hilo. Majini wako watungie sauti zao, labda sh na irabu za kuvuta, Shuura, Ashiino, Oosha hapana hiyo itachanganya na kuosha, weka Ooshumi.