Maswali na Majibu: Plagini za Sauti, Kutoka Hesabu Hadi Sura

Mwezi uliopita niliandika kwamba plagini tunazozitumia katika studio za Lubumbashi zinaweza pia kuandikwa Lubumbashi, na barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wengi walikuwa wamekwisha kuanza bila kumwambia mtu. Kwa asiyeizoea, plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, ikapokea sauti, ikaibadilisha na kuirudisha: mwangwi, kichujio, kompresa (inayopunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) na kadhalika. Nimechagua maswali saba.

Yaya, mimi ni fundi wa sauti wa kwaya huko Katuba. Sijui C++, lugha ya kuandikia programu, na kompyuta yangu ni ya zamani, ina RAM ya gigabaiti 4. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, kompyuta hiyo inatosha, na kutojua C++ si kizuizi kwa sasa. Anza na JSFX, lugha iliyomo ndani ya programu ya kurekodia iitwayo Reaper. Faili ya kusakinisha Reaper haifiki megabaiti 100, jambo lenye uzito kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo. Unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Plagini ya JSFX ni faili ya maandishi matupu. Hakuna kompaila (programu ya kugeuza maandishi kuwa plagini) ya kutafuta: unahifadhi faili na papo hapo unasikia ulichokiandika. Hii hapa ni plagini nzima, yenye kazi ya kupandisha na kushusha sauti:

desc:Kiasi cha sauti
slider1:0<-60,12,0.1>Sauti
@slider
lengo = 10^(slider1/20);
@sample
sasa += 0.001*(lengo - sasa);
spl0 *= sasa;
spl1 *= sasa;

Mstari wa pili unaunda kitelezi kinachoanzia 0, kinachoweza kushuka hadi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -60 na kupanda hadi 12. Sehemu ya @slider hutekelezwa kila kitelezi kinaposogezwa, na hapo desibeli hugeuzwa kuwa kizidisho: -6 hutoa takribani 0.5, yaani nusu ya ukubwa wa wimbi. Sehemu ya @sample hutekelezwa kwa kila sampuli, yaani kila namba moja inayopima wimbi la sauti, mara 48,000 kwa sekunde ukirekodi kwa kasi hiyo, na spl0 na spl1 ni upande wa kushoto na wa kulia. Iandike kwa mkono wako badala ya kuinakili, kisha badilisha 0.001 iwe 1 na usogeze kitelezi wakati kwaya imeshikilia noti moja ndefu. Utakachokisikia kimeelezwa katika jibu linalofuata.

Ukishazoea, jaribu Faust, lugha iliyozaliwa mwaka 2002 katika kituo cha GRAME huko Lyon, Ufaransa, ambayo unaiandikia hesabu ya sauti peke yake, nayo inakutolea plagini za aina mbalimbali. C++ pamoja na JUCE, maktaba ya msimbo ulio tayari kwa plagini, ije baadaye, utakapokuwa na wazo ambalo tayari umelisikia likifanya kazi.

Ninapozungusha kitufe cha sauti nasikia mkwaruzo kama wa zipu. Tena, kila nikifungua dirisha la plagini yangu niliyoiandika kwa C++, sauti inakatika-katika. Je, kompyuta ni mbovu? (Msomaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Kompyuta ni nzima. Una magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

Mkwaruzo unatokana na kizidisho kuruka. Kitufe hakitumi thamani kwa mtiririko bali kwa ngazi, na kila ngazi inapofika, wimbi linavunjika ghafla na sikio linausikia huo mvunjiko. Dawa ni ule mstari wenye 0.001 niliouonyesha juu: katika kila sampuli, thamani ya sasa husogea sehemu moja ya elfu ya umbali uliobaki kuelekea lengo, hata ikawa imemaliza karibu theluthi mbili ya safari ndani ya milisekunde 21. Mkono hauhisi kuchelewa huko, nalo sikio halisikii ngazi tena.

Ugonjwa wa pili ni mzito zaidi. Programu ya kurekodia haikuletei sampuli moja moja bali kwa mafungu yanayoitwa bafa. Fungu la sampuli 512 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 10.7, na fungu la 128 ni milisekunde 2.7, muda ambao sauti hewani haijamaliza hata mita moja. Kabla muda huo haujaisha, plagini zote za wimbo mzima lazima ziwe zimekwisha kuhesabu na kurudisha jibu, kwa sababu kadi ya sauti haimsubiri mtu, na sampuli iliyochelewa ni maji yaliyomwagika.

Ndiyo maana kazi hugawanywa katika nyuzi mbili, yaani njia mbili za kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja: uzi wa sauti, usioruhusiwa kungoja chochote, na uzi wa dirisha, unaoweza kungoja bila mtu kudhurika. Ndani ya uzi wa sauti usiombe kumbukumbu mpya, usisome faili, usiandike ujumbe kwenye skrini, wala usifunge kufuli ambalo uzi mwingine unaweza kuwa umelishika. Hilo la mwisho ndilo ninalolishuku kwako, kwa kuwa tatizo linaanza dirisha linapofunguka: dirisha linashika kufuli ili lichore, uzi wa sauti unabaki mlangoni, na muda unakwisha. Pitisha vigezo kwa std::atomic, data kubwa zaidi kwa foleni isiyo na kufuli, na kumbukumbu yote iandae mapema, ambapo kwa JUCE ni katika prepareToPlay.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kuandika mwangwi uliosoma faili ya mipangilio kutoka kwenye diski ndani ya uzi wa sauti. Nyumbani ulifanya kazi miezi miwili bila kasoro, kwa sababu faili ilikuwa tayari imo katika kumbukumbu ya kompyuta. Siku ya kurekodi kwaya huko Kamalondo, kwenye kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka, kusoma kulichelewa, na pengo dogo lenye mlio wa "tak" likaingia katikati ya ubeti ambao mama mmoja aliuimba akiwa na machozi. Aliurudia mara nne baadaye, kwa usahihi na kwa subira, lakini haukuwa ule tena. Tangu siku hiyo kila plagini yangu naijaribu kwanza kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote ninazoweza kuazima.

Nasoma Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi). Kichujio changu cha JSFX kinafanya kazi, sasa nataka kuchora mwenyewe kitufe cha kuzungusha na kipimo cha sauti. Kipimo changu kinaruka-ruka na hakilingani na ninachosikia.

Dada, tuanze na kipimo, maana kosa lake ni lile lile la nyuzi mbili kwa sura nyingine. Sehemu ya @gfx, inayochora dirisha, haiendi sambamba na @sample. Tuseme dirisha linachorwa mara 30 kwa sekunde: kati ya mchoro mmoja na mwingine hupita sampuli 1,600. Ukisoma spl0 kama ilivyo wakati wa kuchora, unaona sampuli moja na kuzikosa 1,599, na huenda hiyo moja imeangukia pale wimbi linapovuka sifuri. Kwa hiyo acha @sample itunze kilele: kama thamani mpya, bila alama yake ya kutoa, ni kubwa kuliko kilele, ichukue; kama siyo, zidisha kilele kwa namba iliyo chini kidogo ya 1, kwa mfano 0.9999, ili kishuke polepole. Dirisha lenyewe lisome kilele tu. Na chora kwa desibeli, kwa sababu kipimo kinachofuata ukubwa wa wimbi moja kwa moja hulala chini muda wote hata kama kwaya inasikika vizuri.

Kuhusu kitufe, usimlazimishe mtumiaji kuzunguka duara kwa panya. Bonyezo linapoanza juu ya kitufe, hifadhi mouse_y (mahali panya ilipo kwa wima) na thamani ya wakati huo; kisha, mradi mouse_cap inaonyesha kwamba kitufe cha kushoto cha panya kimeshikwa, badilisha thamani kwa kadiri panya ilivyopanda au kushuka, tuseme pikseli 200 kwa safari nzima. Akishika Shift, gawanya mwendo kwa 10, na fundi atakushukuru anapotafuta nusu desibeli. Mwisho ita slider_automate, la sivyo Reaper haitarekodi mwendo wa kitufe. Vipimo vyote vitoe kwenye gfx_w na gfx_h, upana na kimo cha dirisha, badala ya namba ulizozikariri, ili dirisha likikuzwa lisiharibike. Majina ya vitufe yaandike kwa Kiswahili ikiwa watumiaji wako ni wa hapa: "mwangwi", "uzito", "mng'ao". Nimeona mafundi waliokuwa wakiogopa kompresa wakiizoea ndani ya siku moja, kwa sababu tu maneno yaliyoandikwa juu yake walikuwa wanayafahamu.

Mimi ni mpiga solo wa siku nyingi. Mwanangu ameniandikia distoshoni (plagini ya kukwaruza sauti ya gitaa) kwa kutumia tanh, fomula ya hesabu. Noti za chini ni nzuri, lakini nikipanda juu kwenye sebene, sehemu ya wimbo ya magitaa, nasikia noti nisizozipiga, na nyingine zinashuka mimi ninapopanda.

Papa, masikio yako yamesikia sawasawa, na maelezo yako yanatosha kuonyesha kasoro ilipo. Kompyuta inayorekodi kwa sampuli 48,000 haiwezi kubeba sauti yenye masafa ya juu kuliko nusu yake, yaani Hz 24,000 (mitetemo 24,000 kwa sekunde). Kazi ya tanh ni kukunja kilele cha wimbi, na kila inapokunja huzaa sauti mpya kwa mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea. Chukua sauti ndogo ya Hz 7,000 iliyomo ndani ya mlio wa waya. Mara 3 ni 21,000, inabebeka. Mara 5 ni 35,000, ambayo haibebeki, lakini pia haipotei: inajikunja kwenye mpaka na kurudi kama 13,000. Mara 7 ni 49,000, nayo inajitokeza kama 1,000, katikati kabisa ya sauti za binadamu. Hizo ndizo noti zako ngeni. Sasa panda hadi 7,100: ile ya mara 5 inakuwa 35,500 na kurudi kama 12,500. Wewe umepanda, yenyewe imeshuka. Ni kama gurudumu la gari kwenye filamu linaloonekana kurudi nyuma wakati gari linakwenda mbele.

Mwambie mwanao aongeze kasi ya sampuli mara 4 kabla ya tanh. Mpaka utakuwa Hz 96,000, hivyo 35,000 na 49,000 zitabaki mahali pake, kisha kichujio cha kupitisha sauti za chini kiziondoe kabla ya kurudi kwenye 48,000. Gharama ni hesabu mara 4 katika sehemu hiyo, pamoja na ucheleweshaji mdogo wa vichujio ambao lazima plagini iutangaze kwa programu ya kurekodia, ili gitaa lisibaki nyuma ya ngoma. Ikiwa kundi lenu lina gitaa la mi-composé, ambalo waya wake wa nne umebadilishwa ukalia oktava moja juu, lifanyieni majaribio hilo kwanza, kwa maana sauti zake angavu zitaonyesha kasoro mapema.

Wimbo ukiisha na ukimya ukaingia, badala ya prosesa kupumzika, matumizi yake yanapanda. Nini hiki?

Mkia wa mwangwi unapungua bila kufika sifuri, hadi namba zinakuwa ndogo kuliko 1.2 mara 10 kwa kipeo cha -38 hivi, ambazo prosesa nyingi huzihesabu kwa shida kubwa. Kwa JUCE, weka ScopedNoDenormals, inayozigeuza namba hizo kuwa sifuri, mwanzoni mwa processBlock, sehemu inayohesabu sauti. Mahali pengine, geuza kuwa sifuri kamili kila namba iliyo ndogo kupita kiasi ndani ya mzunguko wa mwangwi.

Nitoe plagini yangu kwa aina ipi: VST, AU au CLAP?

VST ilianzishwa na Steinberg mwaka 1996, na toleo lake linalotumika sasa ni VST3. Usianze na VST2, ambayo kampuni hiyo iliacha kuitolea waandishi wapya vifaa vyake mwaka 2018. AU ni ya kompyuta za Apple. CLAP, iliyotangazwa mwaka 2022 na kampuni za u-he na Bitwig, ina leseni huria ya MIT, lakini si kila programu ya kurekodia inaipokea. Kwa studio za hapa, nyingi zikitumia Windows, VST3 inatosha. JUCE ina leseni mbili, ya AGPL na ya kibiashara, kwa hiyo amua mapema kama utafungua msimbo wako au utauza.

Umeme hukatika Ruashi bila taarifa. Nikiwasha kompyuta tena, vitelezi vya plagini yangu vimerudi vilivyohifadhiwa, lakini sauti niliyoinasa ndani yake imepotea. Kwa nini?

Kwa sababu programu ya kurekodia huhifadhi vigezo inavyovijua tu. Kitelezi inakijua, kumbukumbu uliyoijaza mwenyewe haiijui mpaka uitangaze. Katika JSFX ongeza sehemu ya @serialize, na humo tumia file_var kwa namba moja moja na file_mem kwa safu nzima ya sampuli. Katika JUCE kazi hiyo hufanywa na getStateInformation na setStateInformation. Anza daima kwa kuhifadhi namba ya toleo, ili mwaka kesho utakapoongeza kigezo, miradi ya zamani iendelee kufunguka. Bado hilo halitoshi bila mradi wenyewe kuhifadhiwa: mipangilio ya Reaper inaruhusu kuhifadhi nakala kila baada ya dakika unazochagua, nami nimechagua 5, hata siku ambazo umeme haujakatika wiki nzima.