Baiti 512 zimekwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kadutu, hapa Bukavu, na ninatengeneza kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya maji kwa kutumia Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kielektroniki inayopangwa kwa kompyuta. Juzi umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kupakia programu, na mwenzangu anasema chipu imekufa. Tena, chipu hiyo inatajwa kuwa na baiti 32,768, ilhali kompyuta inanihesabia 32,256 tu. Nyingine zimekwenda wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako yote mawili yana jibu moja. Baiti 512 unazozitafuta zimekaliwa na butiloda, programu ndogo iliyowekwa mwishoni kabisa mwa kumbukumbu ya flashi (ile isiyofutika umeme ukikatika) ya ATmega328P, yaani chipu ya Uno yako, na hiyo ndiyo iliyokuokoa.

Ndani ya chipu kuna fyuzi (jina linapotosha, kwani haziungui; ni mipangilio tu) ambazo hubaki zilivyopangwa hata umeme ukiondoka. Mojawapo, BOOTRST, huiamuru chipu ianzie kwenye butiloda badala ya anwani sifuri ilipo programu yako. Kompyuta inapotaka kupakia, huigusa kwanza pini ya riseti, inayoianzisha chipu upya. Butiloda huamka, husikiliza kwa muda wa kama sekunde moja, na ikisikia inaitwa, hupokea programu na kuiandika ukurasa kwa ukurasa, kila ukurasa ukiwa na baiti 128. Isipoitwa, huiachia programu iliyopo iendelee na kazi.

Kwa hiyo umeme ulipokatika, zilizoharibika ni kurasa za programu yako, kwa sababu butiloda haiandiki juu ya kurasa inazokaa yenyewe. Pakia upya tu, ila iondoe pampu kwanza, maana programu iliyoandikwa nusu inaweza kufanya lolote.

Hofu ya mwenzako ingekuwa na msingi zaidi kama ungepakia kwa kifaa cha nje kupitia zile pini sita za ICSP, zinazoiandikia chipu moja kwa moja bila butiloda, kwani kwa kawaida njia hiyo hufuta flashi nzima, butiloda ikiwemo. Hata hapo chipu haifi: Uno nyingine inaweza kuirudishia butiloda kupitia pini hizo hizo.

Wako wanaoifuta kwa makusudi ili wapate nafasi. Kwenye Arduino Nano za zamani, bodi ndogo kuliko Uno, ambazo butiloda yake hula baiti 2,048, ninawaelewa. Kwa baiti 512, siwaelewi.