Mkuu, hiyo M ya milioni moja ifute leo leo

Mleta uzi, umeuliza kama upangaji kwa masharti (unataja masharti, kompyuta inakata yasiyowezekana) ni tawi la upangaji wa kihisabati (unaandika tatizo kwa milinganyo, unatafuta jibu bora), uanze na upi, na solva gani, yaani programu ya kutatua, ni ya bure. Halafu ukabandika modeli yako. Nimefika kwenye "M = 1,000,000" nikasahau mengine yote. Futa!

Nimeshaungua hapo. Kazi mbili, mashine moja: A inakula saa 5, B saa 4, ama A itangulie ama B. Mwalimu wa kozi niliyoilipia, kwa kujiamini kama mganga, akasema weka kibadilika cha sifuri au moja, kizidishe kwa M, namba ya kuzima sharti lisilochaguliwa, "kubwa kadiri uwezavyo". Kadiri uwezavyo! Solva huanza kwa kulegeza, kwa hiyo hiyo sifuri-au-moja inaruhusiwa kuwa nusu. Ikiwa nusu, M inameza masharti yote mawili, "A kwanza" na "B kwanza", na A na B zinaanza pamoja saa sifuri. Hapo solva haina pa kushika, inabaki kupasua matawi, kujaribu uwezekano mmoja mmoja, usiku kucha. Kompyuta yangu ilitosha kupikia.

Hilo lilikuwa dogo. Solva huvumilia kasoro ndogo: 0.99999 inaweza kuihesabu kuwa moja. Hiyo 0.00001 iliyopungua, zidisha kwa milioni. 10! Saa kumi zimevuja. Ratiba ikatoka na muhuri wa "bora kabisa", nikaisambaza kwa mbwembwe, mafundi wawili wakakutana mbele ya mashine moja na kugeuka kuniangalia mimi. Nilijifanya napokea simu.

Upangaji kwa masharti unauambia tu "hizi mbili zisigongane". Kama A haiwezi kuanza baada ya saa ya 3, wenyewe unakata: B ikitangulia inaisha saa ya 4, A imeshachelewa, basi A kwanza, na B si kabla ya saa ya 5. M haipo.

Kama ni gharama za kujumlisha na kilo za kugawa, baki na upangaji wa kihisabati, huko ni mfalme. Ila ukiona "ama hiki ama kile", usiguse M.

Ni tawi? Ni ndugu wa kambo: wa kihisabati katoka kwenye mipango ya kijeshi enzi za mwanahisabati Dantzig, 1947, wa masharti kwenye akili bandia. Siku hizi wanaishi nyumba moja, CP-SAT, solva ya bure ya Google, inawatumia wote.

Kwenye modeli yako nimehesabu "ama" 14 nikachoka. Zibadilishe kwanza, ubandike upya.