Vidonge vya Beta-karotini na Kinga ya Saratani

SWALI: Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Jirani ananishauri mimi na mume wangu, ambaye huvuta sigara, tumeze kila siku vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti na maboga, akisema vinakinga saratani. Je, ni kweli? Na mboga tunazopika nyumbani, viini vyake vya kinga haviishii motoni? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada, kwa kuondokewa na mama. Kabla ya mengine yote, nakuomba mume wako asimeze vidonge hivyo. Watafiti nao waliwahi kuwa na matumaini kama ya jirani yako, kwa sababu ilionekana kwamba watu wanaokula kwa wingi mboga na matunda yenye beta-karotini hawaugui sana saratani ya mapafu. Huko Ufini wakawachukua wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wakawagawa kwa bahati nasibu, baadhi wakipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza beta-karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Utafiti wa namna hiyo nchini Marekani ulisitishwa mapema, mwaka 1996, kwa sababu hiyohiyo. Kiini kimoja kilichotengwa na kumezwa kwa kipimo kikubwa hakifanyi kazi kama kinavyofanya ndani ya boga, pamoja na nyuzinyuzi na viini vingine vingi.

Kuhusu moto, inategemea mboga. Kabichi na sukuma wiki zina glukosinolati, yaani viini vya asili vyenye salfa, ambazo jani linapokatwa hukutana na kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali) kilichomo humohumo na kugeuka kuwa viini ambavyo, katika maabara, huamsha uwezo wa seli kuondoa sumu. Moto mkali huua kimeng'enya hicho, na maji ya kuchemshia huondoka na sehemu ya viini; kwa hiyo katakata mboga mapema, iache kidogo, kisha uikaange kwa muda mfupi bila kumwaga maji yake. Nyanya ni kinyume: likopeni yake, yaani kiini kinachoipa rangi nyekundu, hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa na mafuta.

Kwa utumbo mpana hasa, ushahidi ulio imara zaidi ni wa nyuzinyuzi, nazo zimo kwenye maharage, kunde na ugali wa dona. (Mahindi ya dona yawe makavu na yasiyo na kuvu, maana sumu ya aflatoksini husababisha saratani ya ini.) Hata hivyo chakula hupunguza uwezekano tu, hakiuondoi. Wewe uliyefiwa na mzazi kwa ugonjwa huu mweleze daktari umri aliokuwa nao mama alipogundulika, kwa sababu umri huo humsaidia kuamua uanze lini kuchunguzwa utumbo, hata kama huna dalili yoyote.