Kompyuta ya kori nyingi nyumbani: usiipe BOINC kila kitu

Kila nikimwambia mtu kwamba desktopu yangu usiku inapiga hesabu za wanasayansi wa Marekani na Ujerumani kwa programu inaitwa BOINC, swali la kwanza ni lile lile, inalipa? Hailipi wakuu. Naliweka hili juu kabisa ili kama ulikuja kwa ajili ya hela uondoke mapema, tena ukiona programu inakuahidi dola kwa kuacha tu kompyuta iwake ujue hiyo ni ishu nyingine kabisa na bili ya umeme ni ya kwako.

Tunaongelea hivi. Kazi moja kubwa ya kisayansi inakatwa vipande vingi sana, kila kipande kinatumwa kwenye kompyuta ya mtu aliyejitolea, ikimaliza inarudisha jibu kwenye seva yao na inapewa kipande kingine. Wengi walianza kuusikia mchezo huu kupitia SETI@home, iliyoanza Mei 1999 pale Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, wanatafuta kama kuna viumbe huko mbali wanaorusha mawimbi ya redio, na Machi 2020 wakaacha kugawa kazi mpya. Ila programu iliyozaliwa kutokana na ile, BOINC, ipo hadi leo na ndo nitakayoielezea hapa, maana ukishaiweka unaweza kujiunga na miradi mingi kwa pamoja bila kuinstoli kitu kipya kila mara. Na sio mambo ya anga tu, 2006 kulikuwa na mradi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi wa kupiga hesabu za jinsi malaria inavyoenea, na 2019 World Community Grid, jukwaa la miradi ya namna hii, wakaanzisha mradi wa mvua za Afrika kusini mwa Sahara, yaani kompyuta za watu wa Canada huko zinahangaika na mawingu ya kwetu. Nilipoliona hilo nikasema basi na mimi niwemo.

Sasa mashine. Ninayo Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, zile zinazotoka maofisini huko Ulaya zinaishia Kariakoo, ndani ina prosesa ya Core i7-4770 na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, gigabaiti 8. Ukiifungua Task Manager unaona vimstari nane vya prosesa ukajua una kori nane, yaani vichwa nane vya hesabu ndani ya prosesa, hapana, kori ni nne, kila moja ina thredi mbili, yaani njia mbili za kupokea kazi, na hapa watu wengi wanajidanganya. Kori yenye thredi mbili ni mpishi mmoja mwenye sufuria mbili, anapata faida kidogo kwa sababu wakati moja inachemka anakoroga nyingine, ila mikono ni ile ile. Ukiendesha kazi nane badala ya nne kila kazi inachukua muda mrefu zaidi, faida ipo lakini usitegemee mara mbili, na joto linapanda na RAM inaliwa mara mbili kabisa, huko hakuna cha mpishi.

Hapa ndo penye ushauri wangu wote. BOINC kwa asili ina adabu upande wa prosesa, kazi zake zinaendeshwa kwa kipaumbele cha chini kabisa, ukifungua brauza au Excel mfumo unazisukuma pembeni wewe unapita. Lakini adabu hiyo inaishia kwenye prosesa. RAM haipishi, diski haipishi, joto halipishi na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, ndo kabisa. Kwaiyo mtu akikwambia weka asilimia 100 kwa sababu haitakusumbua, jua anaongelea kitu kimoja kati ya vitano.

Kuinstoli kwenyewe hamna kazi. Windows unashusha kutoka boinc.berkeley.edu, usichukue kwingine, Ubuntu ni sudo apt install boinc-client boinc-manager basi. Afu inakuuliza uchague mradi, unaweka barua pepe na nywila. Pale ukishamaliza inaanza kushusha kazi hapo hapo na watu wanaiacha ivo ivo ilivyo, ndo maana baada ya wiki wanasema kompyuta imekuwa nzito wanaitoa. Usiiache. Nenda Options, kisha Computing preferences, kaa hapo dakika kumi usome taratibu.

Cha kwanza utaona asilimia mbili zinazofanana sana, moja ni ya idadi ya prosesa na nyingine ni ya muda wa prosesa. Ya muda iache 100. Ukiiweka labda 60 inachofanya ni kuwasha na kuzima kazi kila baada ya sekunde chache, feni inapanda inashuka inapanda inashuka usiku kucha, mtu aliyelala chumba kile atakuchukia, na joto nalo linapanda na kushuka hivyo hivyo. Punguza ile ya idadi. Kwangu ni asilimia 50, yaani kazi nne kwa thredi nane, kila kori inapata kazi yake moja na mashine inabaki na pumzi. Kama una kadi ya picha nzuri na unataka nayo ifanye kazi basi bakiza angalau thredi moja, maana kadi ya picha inahitaji prosesa ya kuilisha data, ukiibana inakaa tu inasubiri.

Alafu RAM, na hapa ndo penye shida kuliko kori kwa kompyuta zetu nyingi. BOINC inakuja imejiwekea nusu ya RAM ukiwa unatumia kompyuta na asilimia 90 ukiwa hauitumii. Kwa gigabaiti 8 nusu ni 4. Sasa chukua Rosetta@home, ule mradi wa protini wa Chuo Kikuu cha Washington, kazi moja inaweza kula gigabaiti nzima au zaidi, piga nane uone, utakuta kazi tatu zinakimbia na zingine zimeandikwa zinasubiri memori, na wewe umekaa unashangaa kori zote hizi zinafanya nini. Einstein@Home wanaotafuta pulsa (nyota zinazorusha mapigo) na mawimbi ya mvutano kazi zao nyingi za prosesa ni nyepesi zaidi upande wa RAM, na wale wa hali ya hewa wa climateprediction.net wa Oxford wenyewe ni wazito, kazi moja inaenda siku kadhaa, mimi kwa gigabaiti 8 siwagusi. Ukipenda mradi mzito bado unaweza kuubana peke yake, kwenye folda ya mradi unaweka faili dogo linaitwa app_config.xml lenye mstari wa project_max_concurrent unaandika 2 mathalani, kwaiyo mzito unapata nafasi mbili na mwepesi unajaza zilizobaki. Hii ndo setingi ninayoipenda kuliko zote na sijui kwa nini haijawekwa kitufe.

Kuna kile kisanduku kinachouliza kama kazi zibaki kwenye memori zikisimamishwa. Usipoweka tiki, kila kazi zikisimamishwa zinafutwa kwenye RAM na zikianza tena zinaanzia pale zilipojihifadhi mwisho, kazi zingine zinajihifadhi kila dakika, zingine zinachukua muda mrefu sana. Ukiwa na gigabaiti 16 weka tiki ulale. Ukiwa na 8 angalia kwanza mradi wako unakula kiasi gani.

Joto. Dar mwezi wa kwanza hapo chumba kinakaa nyuzi 31 usiku na hewa nzito, prosesa iliyotengenezwa kukaa ofisi ya Ujerumani yenye kiyoyozi haiwezi kukuelewa. Kabla hujajiunga na mradi wowote mshushe Prime95, ile programu ya GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa, ina sehemu ya kuitesa prosesa, iache nusu saa huku unaangalia nyuzi kwa HWiNFO au sensors kama uko Linux. Ikivuka 85 haraka haraka zima, fungua kava, toa vumbi na badilisha ile pesti ya kupitishia joto juu ya prosesa, mashine za mtumba nyingi pesti yake imekauka imekuwa chokaa na tyubu mpya ni bei ndogo tu. Yangu baada ya hapo kwa kazi nne inacheza kwenye 65 mpaka 70. Na usidhani joto ni ishu ya feni kelele tu, prosesa ikizidi inaweza kuanza kukosea hesabu, na miradi mingi inatuma kipande kile kile kwa kompyuta mbili tofauti inalinganisha majibu, lako likitofautiana linatupwa, umechoma umeme bure.

Umeme sasa, ambao mama watoto ndo mkaguzi mkuu. Nilinunua kamita kale ka kuchomeka kwenye soketi, ikiwa imekaa tu inavuta kama wati 35, kazi nne inavuta kama 90, kazi nane 110 na kitu. Piga hesabu: wati 110 masaa 24 kwa siku 30 ni uniti 79. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya kama shilingi 356 kwa uniti ukiweka na kodi hiyo ni zaidi ya elfu 28. Ila kama wewe upo kwenye ule unafuu wa wanaotumia umeme kidogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, kompyuta peke yake inakutoa, kabla hujawasha friji. Mimi nimeweka ratiba ndani ya BOINC ifanye kazi saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi tu, masaa tisa kwa wati 90, ni uniti kama 24, elfu nane na mia sita hivi, hiyo nyumbani inapita bila kikao.

Ukitumia ratiba ya usiku kumbuka mambo mawili. BOINC haizuii kompyuta kulala, kwaiyo kwenye Windows weka isilale kabisa, skrini ndo izime. Na umeme ukikatika saa nane usiku nani atawasha? Ingia BIOS, zile setingi za mashine kabla Windows haijawaka, tafuta ile setingi ya umeme ukirudi, iweke mashine ijiwashe yenyewe, na BOINC iwe inaanza pamoja na kompyuta. Ka-UPS kadogo, ile betri ya akiba, kanasaidia diski kuliko kanavyosaidia hesabu.

Upande wa bando mambo yanatofautiana sana mradi kwa mradi. Rosetta mara ya kwanza inashusha faili kubwa, mradi wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kazi zake nyingi zinataka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) na zinakula data si mchezo, wale waacheni wenye faiba. BOINC ina sehemu ya kuweka ukomo wa megabaiti kwa siku kadhaa unazotaka na ratiba ya mtandao inayojitegemea, kwaiyo mwenye bando la usiku aiweke ipakue usiku tu. Mwenye bando la kubahatisha kabisa bora GIMPS kwa ile Prime95, inachukua namba moja inakaa nayo siku na siku, mtandao inagusa mara chache. Hao ndo waliopata ile namba tasa ya Oktoba 2024 yenye tarakimu 41,024,320. Ila inapasha moto vibaya, nishasema.

Usihifadhi kazi nyingi pia. Kuna pa kuchagua siku ngapi za akiba, watu wanaweka kumi wakidhani wanajikinga na mtandao kukatika, kumbe kazi za Rosetta zina siku tatu tu za kurudishwa na wewe unawasha masaa tisa kwa siku. Weka nusu siku, mpaka siku moja. Badala ya akiba kubwa jiunge na miradi miwili, mmoja ukikosa kazi mwingine unajaza.

Wa laptopu, kusema kweli mimi sishauri, ila ukiamua basi kori moja au mbili, chaja imechomekwa, juu ya meza na sio kitandani.

Na siku ukichoka usifute programu ghafla. Bonyeza mradi, chagua No new tasks, acha zilizopo ziishe na zirudishwe ndo utoe, maana kile kipande ulichokishika kuna mwenzako mahali kashamaliza cha kwake na anasubiri jibu lako lilinganishwe, ukikimbia nacho anasubiri mpaka muda uishe kitumwe kwa mtu mwingine.