Kliniki ya Kilimani au wadi ya Eastlands? Jibu kwa nesi anayesubiri leseni

Mdogo wangu, chukua mkataba wa hospitali ya umma. Nimetanguliza jibu ili asiye na muda wa kusoma gazeti langu lote aishie hapa.

Kwa waliochelewa kufika: dada huyu amemaliza diploma ya uuguzi, mtihani wa Baraza la Wauguzi ameupita na leseni iko njiani. Ana nafasi mbili mkononi. Moja ni kliniki ya binafsi huko Kilimani, Nairobi, mshahara umezidi kidogo, lakini zamu za usiku atakuwa nesi peke yake. Ya pili ni mkataba wa muda katika hospitali ya umma upande wa Eastlands, humo humo jijini, na huko ameambiwa na kila mtu kwamba atateseka. Juu ya hayo anasema anahisi hajui kitu.

Mimi kilichonitisha katika maelezo yako ni hayo maneno mawili, "peke yake". Kliniki ndogo usiku ina nesi, mlinzi wa getini na namba ya simu ya daktari aliyelala nyumbani. Siku tulivu utapima presha, utachoma sindano, utafunga kidonda na utalala kidogo. Siku isiyo tulivu ataletwa mama anayevuja damu na mtoto aliyebanwa kifua kwa wakati mmoja, na hutakuwa na wa kumuuliza tuanzie wapi. Hata ukifanya kitu kombo hakuna atakayekuona, kwa hiyo utakirudia kesho na kesho kutwa mpaka kiwe mazoea yako. Nimewapokea wauguzi waliotoka kwenye kliniki za namna hiyo baada ya mwaka mzima. Ni watu wenye akili nzuri tu, ila mikono yao haijawahi kusahihishwa na mtu.

Kuhusu kutojua kitu, mimi sikubali. Umesomea miaka mitatu. Umezungushwa wadi ya watoto, ya upasuaji, ya wazazi, umepelekwa Mathari kwa wagonjwa wa akili, umetembea nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya ya jamii. Unajua mengi. Shida ni kwamba chuo kilikufundisha mgonjwa mmoja. Unaandaa toroli lako, kila kitu mahali pake, unajitambulisha, unavuta pazia, mwalimu amesimama na karatasi ya alama anakagua hata ulivyokunja kona za shuka. Kazini utakabidhiwa wadi yenye wagonjwa thelathini na zaidi, nanyi mko wawili, na kila mmoja wao ana hatua zile zile ulizofundishwa. Kipi kitangulie, kipi kingoje? Hilo halimo kwenye daftari lako, na hakuna njia ya kulijua ila kufanya kazi kando ya mtu anayelijua.

Anza na kupokezana zamu, maana hapo ndipo usiku wako unapotengenezwa au kuharibika. Wengi husimama kwenye meza ya wauguzi, wanasomewa faili haraka haraka, aliyechoka anatamani kukimbilia matatu, mgeni anaitikia tu "sawa, sawa". Mama aliyenilea kazini (alikuwa amebakisha muda mfupi astaafu) alikataa kabisa mtindo huo. Alikuwa akimshika anayetoka zamu kiwiko na kumpeleka kitanda hadi kitanda. Akifika kwa mgonjwa anainua shuka. Anatazama mkono wenye kanula (kile kijibomba cha dripu mshipani) kama umevimba, anatazama mfuko wa mkojo, anafuata bomba la oksijeni kwa kidole kutoka puani hadi kwenye mtungi. Mara ngapi faili liliandika dripu inaenda vizuri ilhali imeziba tangu saa nane mchana! Ukishasema umepokea, ni yako, hata kama iliziba kabla hujaondoka nyumbani.

Mimi hukunja karatasi moja ya A4 mara nne na kuitia mfukoni. Naandika kitanda, jina, ugonjwa, na kile kinachosubiriwa: damu inakuja, matokeo ya maabara, dozi ya saa sita usiku. Nikimaliza jambo nalikata kwa mstari. Kumbukumbu yako ya saa kumi alfajiri usiiamini, ni ya mtu mwingine kabisa.

Hesabu za dripu pia utaziona upya. Darasani ilikuwa swali la mtihani: lita moja, saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita, jibu ni kama matone 42 kwa dakika, unapata alama zako na maisha yanaendelea. Wadini unasimama na saa mkononi, unahesabu matone, unarekebisha gurudumu, unahesabu tena. Unaondoka, mgonjwa anakunja mkono, mwendo wote unabadilika. Utarudi pale.

Sasa nikupe sababu yangu kubwa ya kukutuma Eastlands. Usiku mmoja, nikiwa bado mgeni, aliletwa mjamzito kwa teksi, kifafa cha mimba kimemshika njiani. Kitu hicho nilikisoma, nilikijibu kwenye mtihani, na bado nilisimama pale mikono imekufa ganzi. Yule mama aliyenilea kazini hakupaza sauti. Alinipa kazi moja moja: mlaze ubavu, weka oksijeni, wewe mwingine mwite daktari. Tukaanza magnesiamu salfeti, gramu 4 mshipani polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Mtukutiko ukatulia, nami nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza. Dawa ile ile inayozuia kifafa ikizidi mwilini humzimisha mgonjwa pumzi, kwa hiyo kila baada ya saa nne, kabla ya dozi inayofuata, kuna mambo matatu ya kuangalia. Apumue si chini ya mara 16 kwa dakika. Mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Na goti liitikie. Kalisiamu glukoneti, ambayo ndiyo kiuasumu chake, ilikuwa tayari kwenye trei kando ya kitanda na bomba la sindano juu yake. Yule mama akapitisha mkono chini ya goti la mgonjwa, akaligonga kwa upande wa kiganja, mguu ukaruka kidogo. Akanitazama: "Sasa gonga wewe."

Niligonga pembeni. Akanisogeza kidole, nikagonga tena, ukaruka. Mambo hayo matatu siwezi kuyasahau hata ukiniamsha usingizini. Huko kliniki, nani atakuambia ugonge wewe?

Jambo jingine ambalo chuo hakikukufundisha ni kumpigia daktari usiku. Usipige kusema "daktari, mgonjwa wa kitanda cha saba hali si nzuri". Atakuuliza maswali huna majibu, utakimbia kutafuta faili, ataudhika, na wewe utaogopa kumpigia tena, na huo woga ndio unaoua wagonjwa. Pima kwanza, faili liwe mkononi. Jina, umri, alilazwa kwa nini, presha, mapigo, joto, pumzi, kilichobadilika tangu saa ngapi, umeshafanya nini. Mwisho mwambie unachotaka: "Naomba uje umwone." Kisha andika saa uliyompigia na alivyojibu. Daktari wa mafunzo naye ni mgeni kama wewe, wengi wao watakushukuru kimoyomoyo.

Kuteseka ulikoambiwa kupo, sitakudanganya. Kuna siku glavu zinaisha, kuna siku dawa haipo na ndugu wa mgonjwa anatumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara huku anakutukana wewe, kana kwamba wewe ndiye serikali. Ambacho hakipo kiandike kwenye ripoti ya zamu, kwa tarehe na saa. Na utakutana na inchaji, yaani msimamizi wa wadi, aliye mkali. Hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: kuna anayefoka kisha anakuonyesha, na kuna anayefoka kisha anaondoka. Wa kwanza mvumilie, ni mwalimu. Wa pili usimfanye kipimo cha uwezo wako, na habari za kwamba nesi mgeni ni lazima "avunjwe" ndipo akomae ni upuuzi unaorithishwa tu. Kwa upande mwingine, msalimie mama wa usafi kwa heshima yake. Ndiye anayejua mtungi wa oksijeni uliojaa uko wapi saa tisa usiku.

Pesa. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, mwajiri wa hospitali kama hiyo ni kaunti, na jina jipya huchukua muda kuingia kwenye malipo. Panga kama mtu ambaye mshahara wa kwanza utachelewa: nauli, kodi, chakula. Mgomo pia si hadithi. Ule wa wauguzi wa kaunti wa 2017 ulianza Juni ukaenda hadi Novemba, na mwenye mkataba wa muda huwa hana mahali pazuri pa kusimama wakati wa mgomo. Lokamu, yaani kibarua cha kujaza zamu kwingine, utaipata, hata hiyo kliniki ya Kilimani itakuita siku zako za mapumziko, tena baada ya mwaka mmoja utakwenda ukiwa mtu mwingine. Ila usitoke zamu ya usiku ukaingia lokamu asubuhi. Kama mawazo yako ni kwenda Uingereza baadaye, kama nusu ya darasa lenu, uzoefu wa wadi hautakupotezea chochote.

Kabla ya kusaini, leseni iwe mkononi. "Iko njiani" haitoshi, na anayekuambia uanze tu huku unaisubiri anakuweka wewe kwenye matatizo ya sheria, yeye yumo ofisini kwake. Uliza mtakuwa wauguzi wangapi usiku, na kama utaanza zamu za mchana kwanza. Omba wadi ya wazazi au ya magonjwa ya jumla, epuka kupangwa kwenye dawati la kuandikisha wagonjwa ati kwa sababu una mwandiko mzuri.

Viatu nunua vyepesi, vilivyofunika vidole, vya kufutika damu. Sokoni Gikomba vipo vizuri ukiamka mapema. Na tafuta saa yenye mshale wa sekunde. Ukitumia simu kuhesabu pumzi za mgonjwa, ndugu zake watasema nesi alikuwa WhatsApp.